Sherehe za Ugenini na Ngoma za Nyumbani

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha tena katika majira ya kiangazi tukiwa na uzima, na chakula kikiwa ghalani. Kwa watu wa Narung'ombe, na kwa jirani zetu wote wa Ruangwa na Nachingwea, miezi hii inayoanzia Juni haihitaji kalenda ili itambulike. Mahindi na mtama vimekwisha kuvunwa, ufuta umepelekwa mnadani, asubuhi zina ubaridi wa kipupwe, na usiku mtu akikaa barazani kwake husikia ngoma kutoka vijiji viwili au vitatu kwa wakati mmoja. Ni majira ya jando na unyago, majira ya arusi, na majira ya kurudi nyumbani kwa wale waliokwenda Lindi, Mtwara na Dar es Salaam kutafuta riziki.

Imekuwa pia kwamba miezi hiyo hiyo, ambayo kwetu sisi ni ya ubaridi, kwa watu wa kaskazini ya dunia ndiyo miezi ya joto. Watu waliojifungia ndani nusu ya mwaka kwa sababu ya baridi hutoka nje, hupanga meza barabarani, hupiga muziki na kukaribishana. Hivyo wakati mama anapopiga vigelegele Narung'ombe, mwanawe aliye masomoni Ulaya naye husikia ngoma chini ya dirisha lake, ila si ngoma aliyolelewa nayo. Swali la makala hii linatoka hapo: mtoto wetu aliye ugenini aifanyeje sherehe ya watu anaokaa nao?

Swali hili hatukulibuni. Tumepokea barua kutoka kwa kijana wa kwetu anayesoma katika mji mdogo wa kusini ya Ujerumani. Anaeleza kwamba familia inayompangisha chumba imemwalika katika sherehe ya mtaa ya majira ya joto. Sherehe hiyo huandaliwa kila mwaka na kikosi cha zimamoto cha watu wanaojitolea. Kutakuwa na muziki wa tarumbeta, watoto watapandishwa juu ya gari la zimamoto, nyama itachomwa, nyingi ikiwa ya nguruwe, na bia itauzwa. Fedha zitakazopatikana hutumika kununulia vifaa vya kuzimia moto. Mwenye nyumba, mzee wa makamo aliyempokea kama mwanawe, amemwambia kwamba amemwekea kiti mezani kwake.

Kijana alimpigia simu mjomba wake huku nyumbani kuomba ushauri. Mjomba akamjibu kwa neno moja: usiende. Akampigia rafiki yake aliyetangulia Ulaya. Rafiki naye akamjibu kwa neno moja: nenda, huko kila mtu huenda. Kijana ametuandikia kwa kuwa majibu yote mawili hayakumtosha. Kwa hakika nasi hayatutoshi. La kwanza halikuuliza sherehe hiyo ni ya nini. La pili halikuuliza yeye ni nani.

Ndugu wasomaji, hatutaki kumjibu kijana huyu kwa neno moja la tatu. Tunataka kumpa mizani, kwa sababu leo ameuliza habari za sherehe ya zimamoto, kesho ataalikwa kwingine, na sisi hatutakuwa naye kila mahali. Mizani yenyewe ina maswali matatu: sherehe hii ina asili gani, ndani yake hufanywa nini, na ikiisha huacha nini?

Tuanze na la kwanza, asili. Neno "sherehe za Wazungu" tunalitumia kama kwamba zote ni kitu kimoja, na jambo hilo si kweli. Watu wa Sweden huadhimisha katikati ya majira ya joto, siku ya Ijumaa inayoangukia kati ya tarehe 19 na 25 Juni. Husimamisha nguzo iliyopambwa majani na maua, wakaizunguka kwa kucheza, kisha jamaa hula pamoja. Jijini London, mwishoni mwa Agosti, kuna kanivali ya Notting Hill. Hiyo haikuanzishwa na wenye nchi bali na wahamiaji weusi kutoka visiwa vya Karibi, ambao mwaka 1958 walishambuliwa na magenge ya wabaguzi katika mtaa huo huo, na tangu mwaka 1966 sherehe imekuwa ikitembea mitaani. Katika mji wa Würzburg huko Ujerumani, ambao ni ndugu wa mji wetu wa Mwanza tangu mwaka 1966, kuna tamasha la muziki na utamaduni wa Afrika lililoanza mwaka 1989. Tukivuka kwenda Oman, ambako maelfu ya watu huzungumza Kiswahili kama tunavyozungumza sisi, kuna msimu wa Salalah. Kuanzia mwishoni mwa Juni, joto la Maskati likiwa limepita nyuzi 40, milima ya Dhofar hufunikwa na ukungu na manyunyu, majani huchipua, na watu husafiri kwa mamia ya kilomita na watoto wao ili kuiona tu rehema ya mvua. Nako huwekwa maonyesho, masoko na ngoma.

Ni nani atakayezipa sherehe hizi nne hukumu moja? Moja ni ya majira, moja ni ya watu waliokataa kudhalilishwa, moja ni ya utamaduni wetu wenyewe uliopelekwa ugenini, na moja ni ya Waislamu wanaofurahia mvua. Ziko pia sherehe nyingine ambazo asili yake ni ibada hasa, ambamo mtu husimama mbele ya madhabahu au sanamu. Hizo ni za wenye imani hiyo. Mgeni wa imani nyingine anawatakia heri jirani zake, naye haingii katika ibada isiyo yake. Mwenyeji mwenye busara hatachukia jambo hilo, kama sisi tusivyomchukia jirani Mkristo kwa kutosali nasi Idi ilhali amekuja kula pilau.

Historia ya dini yetu inatufundisha upambanuzi huu huu. Imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimfikie, alipohamia Madina aliwakuta wenyeji wana siku mbili za michezo za tangu enzi ya ujahiliya, akawaambia kwamba Mungu amewabadilishia siku hizo kwa mbili zilizo bora, yaani Idi ya Fitri na Idi ya Kuchinja. Hapo tunajifunza kwamba umma wetu una sikukuu zake, nao hauazimi nyingine. Lakini imepokewa vile vile kwamba Wahabeshi, watu wa Afrika, walicheza kwa mikuki yao msikitini siku ya Idi, na Mtume akawaacha wacheze, akamsitiri Bibi Aisha ili apate kuwatazama hadi alipochoka. Hapo tunajifunza kwamba ngoma ya watu si haramu kwa kuwa tu ni ya watu. Nalo soko la Ukadhi, karibu na Taif, lilikuwa tamasha la biashara na mashairi kabla ya Uislamu. Masahaba walipoona uzito kufanya biashara katika masoko ya namna hiyo wakati wa Hija, Kurani iliwaondolea wasiwasi. Soko hilo limefufuliwa katika zama zetu, mwaka 2007, likawa tena tamasha. Basi mtu asiyepambanua kati ya ibada, mchezo na soko amejifanya mkali kuliko waliotutangulia.

Swali la pili ni la yale yanayofanywa ndani. Hapa tunataka kusema wazi, kwa sababu rafiki aliyemwambia kijana "kila mtu huenda" hakumsaidia. Sherehe inaweza kuwa na asili njema kabisa na bado ikawa mahali ambapo mwenye imani hapaswi kukaa. Zimamoto ni jambo jema, lakini saa nne za usiku, baada ya mapipa ya bia kuisha, meza ile ile aliyoketi na watoto wa mwenye nyumba huwa meza nyingine. Kijana ajue pia jambo ambalo sisi tulio karibu na ikweta hatulizingatii. Huko kusini ya Ujerumani, mwezi Juni, jua huzama baada ya saa tatu usiku, na alfajiri huingia kungali usiku kwa hesabu yetu. Magharibi, Isha na Alfajiri hubanana katika saa chache, nazo ndizo saa ambazo sherehe hupamba moto. Mtu asiyepanga sala yake kabla ya kutoka nyumbani atairudia kwake akiwa amezikosa zote tatu. Na waliokaa Ulaya kati ya miaka 2013 na 2015 wanakumbuka jinsi Ramadhani ilivyoangukia katikati ya msimu huo wa sherehe, wakafunga saa kumi na nane au zaidi huku barabara nzima ikila. Kwa kuwa mwaka wetu ni wa mwezi na huzunguka majira yote kwa miaka 33 hivi, wajukuu zetu watayakuta tena hayo.

Basi yapo mambo ya kufanya, nayo si magumu. Kijana amwambie mwenyeji wake mapema, siku kadhaa kabla, kwa upole na bila kuhubiri: mimi nyama ya nguruwe sili, pombe sinywi, na saa fulani nitaondoka kwenda kusali. Watu wa nchi zile wamezoea kumwuliza mgeni asichokula, na wengi humheshimu anayesema kuliko anayeficha. Aende mchana, wakati watoto na wazee wapo. Asiende mikono mitupu. Achukue samaki au maandazi aliyoyapika mwenyewe, kwani mgeni mwenye kitu mezani hula bila hofu na huonja na wengine. Asimame kusaidia kupanga na kuondoa viti, maana ukarimu hulipwa kwa kazi kabla ya kulipwa kwa maneno. Kisha, wakati wake ukifika, aage na kuondoka. Atakuwa amekaa na jirani zake, na dini yake atakuwa ameondoka nayo kama alivyokuja nayo.

Na akiona kwamba hana uwezo wa kuondoka, kwa kuwa anajijua udhaifu wake au kwa kuwa wenzake watamzuia, basi asiende. Hili la kujijua ni lake peke yake, hakuna mjomba awezaye kumjulia kwa simu.

Tumefika swali la tatu: sherehe ikiisha huacha nini? Hapa, ndugu wasomaji, ndipo barua ya kijana ilipotugeuzia uso.

Katika ukurasa wa pili wa barua yake, baada ya salamu, kijana ameandika mambo ambayo hakutuuliza. Anasema kwamba mwaka jana alituma fedha nyumbani, alizozipata kwa kuosha vyombo usiku katika mkahawa, ili mdogo wake wa kike anunuliwe sare, madaftari na godoro la bweni. Fedha zilifika. Mwezi wa Agosti binti aliingizwa unyago, na fedha zile zikaenda katika kukodi muziki, kununua vitenge vya sare za akina shangazi, na kulisha wageni kwa siku tatu. Januari shule zilipofunguliwa binti alikwenda bila godoro, akakaa wiki mbili akarudi. Kijana halalamiki. Anaandika tu kwamba mjomba aliyemkataza sherehe ya zimamoto ndiye aliyesimamia ngoma ile, na kwamba hakuthubutu kumwuliza.

Tulipoisoma habari hiyo tulinyamaza kwanza. Tulitambua kwamba sherehe ya zimamoto, pamoja na bia yake yote tunayoikataa, ikiisha huacha pampu ya maji na ngazi ya kuokolea watu. Ngoma yetu, iliyofunguliwa kwa dua, iliacha binti asiye na mahali pa kulala shuleni. Tunawezaje kumpa kijana mizani ya kupimia sherehe za wengine ilhali sisi wenyewe tumeiacha mizani hiyo kibandani?

Tusieleweke vibaya. Hatusemi kwamba jando na unyago ni uovu. Katika jando mtoto wa kiume hutahiriwa, jambo ambalo ni suna. Hufundishwa kumheshimu mkubwa, kuvumilia maumivu, na kutosema siri za watu. Katika unyago binti hufundishwa usafi wa mwili wake, heshima na malezi. Mafunzo hayo watu wengi wa mijini wameyapoteza na sasa wanayatafuta vitabuni. Tunachosema ni kwamba mafunzo hayo hayahitaji muziki wa kukodi.

Wala jambo la kupima na kuchambua mila si geni katika nchi yetu hii ya kusini. Katika miaka ya 1910 na 1920, jirani zetu Wakristo wa Masasi, chini ya Vincent Lucas ambaye mwaka 1926 alikuwa askofu wa kwanza wa dayosisi hiyo, waliliangalia jando, wakaona kwamba kulikata lote ni kuwakata watu na wazee wao, na kulichukua lote ni kuiacha imani. Wakaliweka chini ya kanisa kwa masharti. Walimu wa Kiislamu waliotoka pwani kuja huku bara nao walifanya kazi ya namna hiyo kwa njia yao. Tohara waliikubali, yaliyo kinyume cha tauhidi waliyakataza, na dua ikaingia palipokuwa na matambiko. Kwa hiyo wazee wetu hawakusema "usiende", wala hawakusema "kila mtu huenda". Walikaa chini, wakatenganisha punje na makapi. Kazi hiyo hawakuimaliza, wametuachia sisi.

Na makapi ya leo tunayajua. Tunayajua kwa kuwa tunaishi nayo. Ufuta unauzwa Juni na Julai, mbaazi zinafuata, na korosho zinaanza kuokotwa Oktoba. Mtu angeweza kusema kwamba Mungu amempangia mkulima wa Ruangwa na Nachingwea mapato yake kwa awamu, ili asiyale yote kwa mara moja. Lakini fedha ya ufuta ikiishia ngomani, na sherehe ya jirani ikawa kubwa kuliko yetu, tunafanya nini? Tunamwendea mnunuzi wa kangomba na kumwuzia korosho ambazo hazijaanguka kutoka mtini, kwa kipimo chake na kwa bei yake. Mnada unapofika, wengine wanahesabu malipo yao, sisi tunahesabu deni. Januari chakula kinapungua, shule zinafunguliwa, na mtoto anaambiwa asubiri. Serikali iliondoa ada katika shule za msingi na za sekondari hadi kidato cha nne kuanzia mwaka 2016, lakini haikuondoa haja ya sare, daftari na godoro.

Lipo zito kuliko deni. Binti wa miaka kumi na miwili akitolewa unyagoni na kuambiwa mbele ya watu kwamba sasa amekuwa mkubwa, yeye huamini, na wanaume wasiomcha Mungu huamini pia. Marekebisho ya sheria ya elimu ya mwaka 2016 yanamtia hatiani mwenye kumwoa au kumpa mimba mwanafunzi, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 30. Tangu Novemba 2021 binti aliyejifungua anaruhusiwa kurudi katika shule ya serikali. Sheria hizo ni njema, lakini zote mbili huja baada ya maji kumwagika. Anayeweza kuzuia maji yasimwagike ni mzazi, somo na kungwi, kabla ngoma haijawambwa.

Kwetu mjomba ana haki kubwa juu ya mpwa wake, nasi hatutaki kuipunguza haki hiyo. Lakini haki ya kukataza hufuatana na wajibu wa kuonyesha. Msemo wa wahenga kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo haukomei utotoni. Kijana aliye Ujerumani bado anatutazama. Akiona kwamba tunakataza kwa jina la mahali, yaani ya kwao ni haramu na ya kwetu ni halali, ataacha kutuuliza. Wa kwetu wengi walioharibikiwa ugenini hawakuharibiwa na sherehe fulani. Walianza kuharibika siku waliyoona kwamba hakuna faida ya kuuliza nyumbani.

Ili tusibaki katika lawama, tutazame pia sherehe tunazoalika wengine. Kila mwaka mwezi wa Julai, watu wa Makunduchi huko Unguja huadhimisha Mwaka Kogwa. Wanaume hupigana kwa vigogo vya migomba ili kuondoa kinyongo cha mwaka uliopita, kibanda huchomwa moto, wanawake huimba, na mgeni hukaribishwa chakula. Asili yake ni Nairuzi ya Kiajemi, nayo si sikukuu ya dini ingawa wenyewe ni Waislamu. Wageni hutoka nchi za mbali kuja kutazama. Je, tunataka nini kwa wageni hao? Tunataka wavae kwa staha, wasitucheke, wasilewe mbele ya wazee wetu, wale tunachowapa, na wasijifanye wanajua zaidi kuliko wenyewe. Hatuwataki wabadili dini yao kwa ajili ya siku moja. Basi adabu hiyo hiyo tunayoidai kwao ndiyo tunayodaiwa sisi tukiwa kwao.

Na tutazame maonyesho ya Nane Nane katika viwanja vya Ngongo, Lindi. Hayo nayo ni sherehe ya kiangazi. Kuna muziki, kuna vumbi, kuna watoto wanaopotea na kupatikana. Lakini mkulima hurudi nyumbani amejua mbegu mpya ya ufuta, au jinsi ya kupulizia mkorosho dawa kwa wakati wake. Watu wamefurahi, na kuna kilichobaki.

Kwa hiyo tunamjibu kijana wetu hivi. Nenda kwenye sherehe ya jirani yako, kwa mchana, kwa masharti yako uliyoyasema mapema, na kwa chakula ulichokibeba. Msalimu mwenyeji wako kwa niaba yetu, na umshukuru kwa kukuwekea kiti. Ondoka kabla ya Magharibi ukiwa na udhu wako. Ukialikwa penye ibada ya wengine, tuma heri na ubaki nyumbani. Ukialikwa mahali ambapo kiini chake ni ulevi, kataa bila kuona haya.

Mjomba naye, na wajomba wote walio kama yeye, tunawajia kwa heshima na kuwaomba mambo manne. Kwanza, jando na unyago vifanywe katika likizo za shule, Juni au Desemba, wala visimtoe mtoto darasani. Pili, tohara ifanywe na mganga wa zahanati, kwa wembe safi, na dua isomwe kama kawaida. Tatu, kabla shilingi ya kwanza haijatoka kwa ajili ya ngoma, ya shule iwe imewekwa kando, na fedha iliyotumwa kwa kazi maalumu ifanye kazi hiyo tu, kwani hiyo ni amana, na mwenye kuitumia vinginevyo amekula amana hata kama amekula na kijiji kizima. Nne, wazee wa kila kijiji wakubaliane juu ya kiwango cha sherehe, ili maskini asione haya kwa kufanya kidogo. Mtu mmoja akipunguza peke yake huitwa bahili. Kijiji kikipunguza pamoja huitwa chenye hekima.

Nasi tuliobaki msikitini tuna letu. Kijana ameandika, katika mstari wa mwisho kabisa, kwamba Idi iliyopita alisali katika ukumbi wa kukodi pamoja na watu asiowajua, kisha akaingia darasani, na jioni akala wali peke yake. Hakuna aliyempigia simu kutoka nyumbani, maana sote tulikuwa tumeshughulika na pilau. Lau tungekuwa tumempigia, pengine barua yake ingekuwa fupi. Mtu aliyekosa sikukuu yake huvutwa na sikukuu ya yeyote. Basi Idi ijayo, kabla ya kukaa chini kula, kila nyumba yenye mtoto aliye mbali, awe Dar es Salaam, Maskati au Ulaya, impigie simu, na simu hiyo izunguke kwa bibi, kwa shangazi na kwa wadogo zake, hadi asikie sauti za nyumba nzima.

Mwenyezi Mungu awalinde watoto wetu walio safarini, azibariki furaha zao na zetu, na atujaalie sherehe ambazo zikiisha mtoto hurudi shuleni na jirani hubaki jirani. Amin.